Nimepalilia ndani ya mstari wa chokaa

Shikamoo Mama Mshauri,

Mimi ni mwanamke wa miaka 43, mama wa watoto watatu, naweka hesabu kwenye duka la vifaa vya ujenzi hapa mjini Mwanza. Nimezaliwa Ilala, Dar es Salaam, nikakulia kwenye uwanja wa saruji uliokuwa na mti mmoja tu, mwarobaini, na huo hatukuupanda sisi. Naomba ulijue hilo kwanza, maana mimi na jembe hatujawahi kuelewana. Shuleni jembe lilikuwa adhabu. Ukichelewa namba unang'oa kisiki, ukikutwa unaongea Kiswahili unapimiwa eneo la kulima. Nilipomaliza kidato cha nne nilijiapiza kuwa sitashika mpini tena.

Nimeolewa na Msukuma wa Magu. Nyumba yetu iko mlimani Igogo, ngazi 94 kutoka barabarani. Nilizihesabu nikiwa na mimba ya mwisho. Anayeijua Mwanza anazijua nyumba za huku: mbele unaliona ziwa, nyuma umeegemewa na mawe. Uwanja wetu uko ubavuni, kama mita kumi na tano kwa kumi, mteremko mkali, na katikati limekaa jabali kubwa kama daladala. Udongo wenyewe ni mchanga uliotokana na hayo hayo mawe. Mama mkwe anauita luseni, na akilitamka neno hilo anakunja pua.

Mama mkwe alikuja kwetu mwaka 2021 baada ya kuvunjika nyonga, awe karibu na hospitali. Mtu aliyelima pamba na mpunga maisha yake yote, ghafla hawezi kuinama. Siku ya nne tukamtandikia mkeka nje. Akayaangalia yale mawe muda mrefu, kisha akasema, "Mwanangu, niletee jembe." Nikamletea nikidhani anataka kulishika tu, apunguze hamu. Akanigeuzia mpini.

Mume wangu anafanya kazi mgodini Geita, anakuja wikiendi mbili kwa mwezi. Watoto shule. Basi nikalima mimi.

Vuli ya kwanza nilimwaga mbegu za mchicha kama nilivyoelekezwa. Usiku ule ule mvua ikaja, na mvua ya huku mlimani hainyeshi, inateremka. Asubuhi hakuna mbegu wala udongo. Wiki tatu baadaye jirani wa chini akaniita kunishukuru: mchicha wangu ulikuwa umeota kwenye mtaro wake, safi kabisa. Aliuchuma mara mbili.

Baada ya hapo mama mkwe akanifundisha kujenga vikuta vya mawe kukatisha mteremko. Jiwe kubwa linakaa chini na kuegemea mlimani, madogo yanashindiliwa nyuma yake. Yeye kwenye mkeka na fimbo, mimi na mtaimbo. Vikuta saba, miezi mitano, na ukucha mmoja ambao hadi leo umeota upande. Nikanunua samadi Kisesa, nikaiweka mbichi, miche ikaungua kama imemwagiwa maji ya moto. Mtu kazini akanishauri nifukie mapanki. Nikafukia jioni. Usiku mbwa wa mtaa mzima walifanya kikao kwetu, na asubuhi vichwa vya sangara vilikuwa vinanikodolea macho kutoka kila tuta. Wakafuata pimbi. Wanaishi kwenye majabali ya juu yetu, wanashuka alfajiri na magharibi, wanakata sukuma wiki kama waliopimiwa na rula. Mama mkwe alicheka mpaka akashika nyonga.

Mimi sikucheka. Nililalamika, Mama, na sikuficha. Kila simu ya Geita ilikuwa mgongo wangu, kucha zangu, mgao wa maji unaotufikia mara mbili kwa wiki nami nagawia majani. Nilisema, kwa maneno yangu mwenyewe, tena si mara moja: "Uwanja huu bora tungeumwagia zege tukapumzika."

Mwaka 2024 mama mkwe akapata nafuu, akarudi Magu kwa shemeji yangu. Siku aliyoondoka niliweka jembe nyuma ya tenki nikasema basi. Wiki iliyofuata nikaenda kumwagilia matembele, yasije yakakauka watu wakasema mkwe kaondoka tu na mkamwana kaacha. Wiki iliyofuata tena. Sasa unakaribia mwaka wa pili. Matembele yamefunika vikuta vitatu. Nina sukuma wiki kwenye viroba kumi na viwili nilivyovizungushia wavu kwa ajili ya pimbi, mgagani uliojiotea, bamia kidogo, na mpapai wa mbegu aliyoniletea mama mkwe kutoka Magu Mei mwaka jana. Usije ukadhani pamependeza. Nusu ya uwanja bado ni kipara. Lakini naamka saa kumi na moja alfajiri na hakuna aliyenituma.

Mume wangu hajui. Nilimwambia kuna kijana namlipa. Zamani ilikuwa rahisi: alikuwa akipiga simu akiwa kwenye foleni ya kivuko Busisi, nami nina muda wa kunawa na kusugua kucha. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, anaingia ndani mimi bado nina matope.

Mwezi uliopita alikuja na fundi. Mpango ni huu: waje wachoma mawe walipasue lile jabali, kokoto ziuzwe, uwanja usawazishwe, vijengwe vyumba viwili vya kupangisha na sehemu inayobaki imwagwe zege. Mtoto wetu mkubwa yuko kidato cha sita, Mungu akijalia mwishoni mwa mwaka anaingia chuo. Kila chumba huku ni kama shilingi 60,000 kwa mwezi. Akaniambia mbele ya fundi, anatabasamu, "Mama watoto, umesema miaka mitatu. Safari hii nimekusikia."

Nikasema, "Sawa."

Fundi kashapewa malipo ya awali. Alichora msingi kwa chokaa. Mstari umepita juu ya kikuta cha tatu, umeyakata matembele katikati, na mpapai umebaki ndani ya chumba cha pili. Wanaanza mwisho wa mwezi huu.

Kesho yake alfajiri nilijikuta nimechuchumaa ndani ya chumba cha pili, napalilia.

Sipendi bustani, Mama. Bado sipendi. Mgongo unauma, maji ni shida, na hela ya chuo ni hela ya chuo. Sasa mbona silali? Na nitamwambia nini mume wangu, wakati neno la zege lilikuwa langu?

Mkamwana wa Mlimani,
Mwanza

*

Marahaba, mwanangu. Na pole kwa ukucha.

Niliyoyaelewa ni haya, unisahihishe nikikosea. Ulikabidhiwa kazi usiyoiomba, ukaifanya kwa manung'uniko, na manung'uniko yale mumeo akayapokea kama ombi. Amelitimiza. Wakati analitimiza, wewe ulikuwa umeshahama kutoka pale ulipokuwa umesimama, ila hukumuaga mtu. Sasa chokaa imechorwa juu ya kitu ambacho mdomo wako unasema haukitaki na mikono yako haijaacha kukishika.

Umeniandikia mara mbili kuwa hupendi bustani. Sibishani nawe, mgongo ni wako. Ninachojiuliza ni nani aliyekuambia kuwa lazima mtu akipende kitu ndipo awe na haki ya kusema kisiondolewe. Nina rafiki hapendi kupika, na anasema hivyo kila siku akiwa jikoni. Ila siku mwanawe alipoleta binti wa kazi, alizunguka nyumba nzima kama kuku aliyenyang'anywa kiota. Mimi mwenyewe, nikuchekeshe kidogo, nimewahi kuua mchaichai, mmea ambao ukiukanyaga ndiyo kwanza unazaliana. Sina mkono wa mimea na sitajifanya ninao. Lakini barua yako nimeisoma nikiwa na kalamu. Mumeo umempa mistari michache. Jinsi jiwe la chini linavyoegemea mlimani umenieleza vizuri kiasi kwamba ningeweza kwenda nje nikajenga.

Halafu hilo jembe la shuleni. Ulilima eneo la mwalimu, ukaondoka, hukuona kilichoota, kama kuliota kitu. Hili la Igogo ni jembe jingine, au ni lile lile? Sijui. Ni wewe ndiye unayelishika. Nauliza kwa sababu inawezekana unaposema "sipendi" ni yule msichana wa kidato cha pili anayejibu, na mama wa miaka 43 hajaulizwa bado. Inawezekana pia kuwa hupendi kweli na kinachokunyima usingizi ni kitu kingine: miezi mitano ya mawe, kicheko cha mama mkwe, au kile kipindi cha alfajiri ambacho hakuna mtoto wala mteja anayekuita. Hayo ni mambo matatu tofauti. Jabali likipasuliwa, mojawapo linaweza kubaki salama bila shida yoyote. Jaribu kujua ni lipi.

Nije kwa mumeo. Kuna namna barua yako inamsogeza upande wa wenye chokaa, peke yake. Mwanangu, napokea barua nyingi za wanawake ambao waume zao hawasikii. Wako amesikia, tatizo ni kwamba amesikia maneno ya mwaka 2022. Na kuna jambo ambalo wewe, mtu wa hesabu, ungeliona haraka kwenye daftari la mtu mwingine. Umemwingizia kumbukumbu ya uongo. Yeye anajua kuna kijana analipwa. Kwa hiyo kwenye kichwa chake uwanja ule ni matumizi matupu: hela ya kijana, hela ya maji, na mke anayelalamika juu yake. Mtu yeyote mwenye mtoto wa kidato cha sita akipewa mahesabu hayo atamwaga zege. Hajakosea kujumlisha, wewe ndiye uliyempa namba.

Sikulaumu. Naona aibu iliyokufanya useme vile. Ni aibu ya mtu wa mjini kukutwa amependa, samahani, amezoea kitu alichokitukana hadharani.

Sasa tuyaangalie yanayowezekana, na yapo zaidi ya mawili.

Unaweza kuacha mpango uendelee. Usilione hilo kama kushindwa. Vyumba viwili kwa bei uliyoitaja ni shilingi 1,440,000 kwa mwaka wapangaji wakikaa miezi yote, na ada haikubali matembele. Ila kabla hamjafika huko, kaeni na fundi mumuulize ambayo barua yako haikuyagusa. Jabali lenu limeshikilia nini? Wewe unaishi Mwanza, unajua mawe yetu yanavyokaa, hili limemwegemea lile, na lile limelala juu ya jingine ambalo halionekani. Fundi apande huko wanakoishi pimbi aangalie kutoka juu, asipimie chini tu. Jiwe huchomwa moto mpaka lipasuke, na moto huo utakuwa hatua chache kutoka ukuta wenu. Choo cha wapangaji kitachimbwa wapi? Shimo kwenye mwamba linaweza kumeza hela ya chumba kizima. Kibali cha ujenzi cha halmashauri kipo, au kitatafutwa tofali likiwa limeshapanda? Sikuandikii haya ili umtishe mumeo. Yaingize kwenye daftari, kisha muone vyumba vitajilipa lini, na kama ni kabla ya chuo kufunguliwa au miaka miwili baadaye.

Na kuna maji. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ya yule jirani aliyechuma mchicha wako. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Uwanja wenu ni kama mita za mraba 150. Mvua ya milimita 30, na unajua hiyo huku kwetu ni mvua ya mchana mmoja tu, inawashushia lita 4,500, yaani ndoo 225 za lita ishirini. Leo sehemu yake inanywewa na mchanga, na vikuta vyako saba vinaifanya itembee badala ya kukimbia. Paa na zege havinywi. Ndoo zile zitashuka zote kwa mara moja, na anayekaa chini yenu ni mmoja. Mkijenga, mtaro uwe kwenye bajeti tangu siku ya kwanza, na jirani aambiwe. Msipojenga, nalo utambue: vikuta vile si pambo la bustani, vimeshika mlima, na vitahitaji mtu wa kuvirekebisha kila masika, mgongo uume usiume.

Unaweza pia kuomba chumba kimoja badala ya viwili, upande wa juu, jabali libaki. Faida yake naiona kwenye bati. Paa la mita za mraba 20 likiwekewa mfereji na kuelekezwa kwenye tenki, mvua ile ile ya milimita 30 inakupa kama lita 600, na hizo hazingojei mgao. Lakini nusu kwa nusu ina tabia ya kuwaudhi wote wawili. Kodi itakuwa nusu, na gharama za fundi hazipungui kwa nusu. Mpangaji naye ni mtu: ana watoto, ana kamba ya kuanikia, pengine ana kuku. Pimbi umewaweza kwa wavu. Kuku wa mpangaji ni kesi ya mwenyekiti wa mtaa.

Au hamisha kinachohamishika. Viroba kumi na viwili vinaweza kupangwa kando ya ukuta hata kama sehemu nyingine yote ni zege. Hasara yake unaijua kuliko mimi: kiroba hukauka upesi kuliko ardhi, na kuanzia Juni hadi Septemba kitadai maji karibu kila siku, wakati bomba linakutembelea mara mbili kwa wiki. Utakuwa umepunguza uwanja bila kupunguza ndoo.

Au omba muda, tuseme mpaka masika yaishe mwezi Mei. Hilo lina mantiki hata kwa fundi, maana kuchimba msingi mteremkoni Machi na Aprili ni kumlipa mtu achote matope. Angalia tu kama unaomba muda wa kufikiri au unaomba chokaa ifutwe na mvua bila mtu kusema neno. Mvua itaifuta kweli. Mumeo atairudia, na wewe utakuwa umesema "sawa" mara ya pili.

Kuhusu mama mkwe, nimeshangaa kidogo. Yumo kwenye kila kona ya barua, na hakuna mahali umesema umempigia simu kumwambia. Unaogopa ataumia? Huenda. Ila mtu aliyelima Magu miaka yote hiyo ameona mashamba yakigeuka viwanja, na viwanja vikigeuka maduka, na huenda akakuuliza tu kodi ni shilingi ngapi. Huenda pia akampigia mwanawe, na hapo utakuwa umeanzisha kesi ya mama na mtoto ambayo wewe ndiye utakayelala nayo. Ukimpigia, mpigie kwa ajili ya mazungumzo yenu. Usimpigie kutafuta shahidi. Na pengine utagundua kitu: unaiona kama bustani yake, lakini yeye hajawahi kugusa jiwe hata moja pale.

Kilichobaki ni namna ya kusema. Usiseme kwa simu. Maneno ya Geita hadi Igogo yamewachanganya vya kutosha. Wikiendi atakayokuja, kabla ya mwisho wa mwezi, usikimbilie kunawa. Akukute hivyo hivyo, na kucha zako. Neno la kwanza liwe la kijana: "Baba watoto, yule kijana hayupo. Hajawahi kuwepo." Kisha nyamaza umwache afike mwenyewe. Anaweza kucheka. Anaweza kukasirika, na akikasirika ana sababu, kashatoa hela ya fundi kwa neno lako. Yote mawili yapokee. Cha zege usikianze hadi hilo liishe, kwa sababu ukianza na "sitaki vyumba" atasikia mke anayegeuka kila msimu, lakini ukianza na matope atakuwa na mahali pa kuanzia kuelewa. Baada ya hapo leta daftari, safu zote mbili, na safu ya bustani usiipambe. Andika unachookoa kwenye mboga kwa wiki, andika na ndoo. Kama baada ya hesabu za kweli bado anataka vyumba, na wewe ukaona ana hoja, utakuwa umekubali ukiwa macho. Na kama hutakubali, utakuwa umekataa kwa jina lako, bila kumsingizia mama mkwe wala pimbi.

Kuna kazi moja ndogo ambayo haingoji uamuzi wowote. Matembele yakate vipande vya urefu wa rula, vifunge, viweke kivulini kwenye kitambaa chenye unyevu. Vitavumilia siku kadhaa, na masika yakianza vinashika popote utakapovichomeka. Fungu moja mpelekee jirani wa chini, umwambie safari hii umeleta kwa mkono. Ukifika kwake mwonyeshe na mchoro wa fundi. Nadhani ana neno kuhusu maji yenu.

Mpapai sitakudanganya, kwa ukubwa huo haupendi kung'olewa na kuhamishwa. Huo utabaki ulipo au hautabaki. Na kwa kuwa ni wa mbegu, mpaka utoe maua hakuna wa kukuambia kama ni jike au dume. Maua ya jike hukaa yamebana kwenye shina. Ya dume huning'inia kwenye vikonyo virefu, mengi mengi, na hayaleti tunda la maana. Umri wake umeshafika, kwa hiyo chungulia kwenye makwapa ya majani kila alfajiri ukiwa huko huko. Ukitoa kabla mumeo hajaja, niandikie ni upi.